Ninian Naysmith na Viatu vya Ubatizo

Ukitibiwa na Ninian Naysmith ukapona, hukumnyoshea shilingi. Hata ungekuwa mke wa hakimu, ulizunguka nyuma ya nyumba, ukapita kwenye upupu na banda la nguruwe, ukaiweka kwenye ukingo wa dirisha la jikoni, ukaenda zako. Mayai, kipande cha jibini, samaki heringi wawili wa chumvi, njia ilikuwa moja. Wageni walidhani ni maringo. Wengine walisema mkono wake ulipigwa na baridi ya baharini ukafa ganzi. Waliosema hivyo hawakuzaliwa Carnshiel. Sisi wa Carnshiel tunaijua habari ya viatu.

Carnshiel ilikuwa shimo la makaa ya mawe, jumba la Mwinyi Oliphant juu ya kilima, na kanisa katikati, likijaribu kuwasikiliza wote wawili na kumsikia mmoja. Mtu wa shimo alikuwa mtu wa shimo. Mwinyi akiuza shimo aliuza na watu wake, pamoja na farasi na kamba. Ukifa hukuzikwa na wakulima. Ulikuwa na kona yako upande wa kaskazini, nyuma ya ukuta, jua lisikofika. Lakini hata Mwinyi hakuweza kumshika mtoto hivi hivi tu. Ilibidi zawadi ipite. Siku ya ubatizo, siku ya nane, nyapara alisimama mlangoni mwa kanisa na jozi ya viatu vidogo vya ngozi, akampa mama mkononi mbele ya watu. Mama akivipokea, basi, mtoto kashikwa hadi kaburini, kaburi lile la kaskazini. Na nani angekataa? Theluji iko nje, viatu ni vizuri, na mkono mtupu haulambwi.

Lilias, mama yake Ninian, alipokea. Alikuwa na miaka kumi na minane, na mumewe alikuwa amemkanyaga kidole cha mguu kumkumbusha adabu. Lakini alipofika nyumbani hakumvisha mtoto. Alijiambia kwamba kiatu kisichovaliwa hakijapokelewa. Akavifunga kwenye kitambaa, akavisukuma ndani ya sanduku la chumvi, chini kabisa. Wanawake wengi wa shimo walifanya vivyo hivyo, kila mmoja akidhani ni ujanja wake peke yake, na kila mmoja akamwona mwanawe akishuka shimoni na miaka saba, peku.

Ninian alishuka na miaka saba. Alipofika kumi na minne, jiwe lilimwangukia baba yake mguuni. Kinyozi wa mjini, maana siku zile vinyozi ndio waliokata viungo, aliletwa, kalewa, na msumeno uliokuwa umekata jibini asubuhi ile. Alikata kwa muda wa mahubiri ya Jumapili, na mahubiri yetu mnayajua. Baba alifariki kabla ya amina. Ninian ndiye aliyekuwa ameshika taa. Aliiweka chini taratibu, akamwambia kinyozi kwamba hata panya angekata upesi zaidi, akatoka nje, na miguu yake haikusimama mpaka bandarini Leith.

Huko Leith alimpata mpasuaji mzee aitwaye Dalgleish, mwenye jicho moja na visu arobaini. Mzee alimuuliza anajua kufanya nini. Ninian akajibu anajua kukaa gizani bila kuogopa. Dalgleish akasema ndani ya mwili wa mtu nako ni giza, basi aingie. Miaka saba alinoa nyembe za mzee yule mpaka nzi akitua juu yake wanaondoka nzi wawili. Kisha akapanda meli za kivita, mpasuaji wa mabaharia, miaka kumi na miwili. Wanasema alimkata baharia mmoja mguu upesi hivi kwamba yule alikuwa bado anauliza, "Utaanza saa ngapi, bwana?" na mguu uko kwenye ndoo. Hiyo mimi nasadiki nusu. Nasadiki ndoo.

Aliporudi alikuwa na miaka thelathini na mitatu, koti la vifungo vya shaba, na sanduku la visu. Angeweza kukaa Edinburgh, ambako hakuna aliyemjua. Badala yake alipanga nyumba mjini Kirkfarlan, maili tatu kutoka shimo lile lile, akatundika ubao mlangoni wenye jina lake kwa herufi kubwa kama mkate. Mama yake alikuja mbio na shali yake imekaa upande.

"Badilisha hata jina, mwanangu," alisema Lilias. "Jiite chochote. Jiite Campbell, wako wengi, hawatakuona."

"Jina ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shimoni, mama. Sitakivua mlangoni pao."

Kwa maana jina lake lilikuwa bado kwenye kitabu. Kila Mwaka Mpya nyapara, Mungo Tulloch, alisimama kwenye mdomo wa shimo akasoma majina ya watu wa Mwinyi. Akifika kwa Ninian Naysmith watu walijibu, "Hayupo," naye akaandika hayupo, na hivyo dai la Mwinyi likakaa hai miaka yote ile, kama kaa lililofukiwa majivuni. Hata Ninian aliporudi, Mungo alisoma, watu wakajibu hayupo, na mtu mwenyewe yuko maili tatu anang'oa meno. Miaka miwili Mungo alinyamaza. Alikuwa na jipu mahali anapokalia, lililokuwa likirudi kila msimu, na hapakuwa na mkono mwingine aliouamini huko nyuma.

Kilichovunja kimya hicho ni mtoto wa Bethia.

Bethia alikuwa dada yake Ninian, mdogo kwa miaka kumi, mbeba makaa. Alipanda ngazi za shimo na tenga mgongoni, kamba ya tenga kwenye paji la uso, tangu alipoanza kuwa na paji la uso la kutosha. Oktoba ile alijifungua msichana. Siku ya nane Ninian alifika kanisani akiwa na koti lake la shaba, akasimama kando ya dada yake. Mwinyi Oliphant naye alikuwapo, ila ndani ya gari lake la farasi, juu ya mito mitatu, kwa sababu mwaka mzima kukaa kulikuwa kunamwuma na kukojoa kunamwuma zaidi. Mungo alikuja mbele na viatu.

"Ficha mikono," Ninian alimnong'oneza dada yake.

Bethia akaizungusha mikono ndani ya shali, mtoto juu yake kama maandazi kwenye sinia. Mungo akamnyoshea viatu. Akangoja. Watu wakaangalia ardhi.

"Mama Jonet, pokea zawadi ya Bwana Mkubwa," alisema Mungo. Jonet ndilo jina mtoto alilokuwa akienda kupewa.

"Mikono imekufa ganzi, baba," alisema Bethia. "Baridi hii."

Mungo hakuwa mjinga. Akaviweka viatu juu ya kifua cha mtoto. Hapo Ninian akanyosha fimbo yake, akavichota kwa ncha bila kuvigusa, akavirusha kwenye tope. Polepole hivyo, kama mtu anayeondoa mende kwenye kitoweo.

Mungo aliinama akaviokota, na alipoinuka uso wake ulikuwa mwekundu hadi kwenye masikio.

"Ninian Naysmith," alisema kwa sauti ya kusoma kitabuni. "Leo yupo."

Haikupita wiki mbili. Hakimu wa wilaya alifungua kitabu cha Mwinyi, akakuta jina, akakuna wigi yake, akaamua kwamba mtu wa shimo hata akijifunza kupiga zeze bado ni mtu wa shimo. Jumatatu baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, katikati ya Novemba, Ninian ashuke na sururu. Akikataa, wamfunge kola ya chuma shingoni.

Mji mzima ulimshauri akimbie. Mke wa mwoka mikate alimfungia mikate ya oti ya safari ya siku nne. Mchungaji Gilfillan, mtu mpole aliyeogopa bata, alisema kwa mbali kwamba hata Yusufu alikimbilia Misri. Ninian aliwasikiliza wote. Mikate akaiacha mezani, kisha akamwambia mama yake neno moja tu, kwamba alikimbia mara moja akiwa mtoto na ilitosha, sasa watakaokimbia ni wao. Asubuhi iliyofuata alifungua mlango kama kawaida na kumtoa mvuvi ndoano iliyokuwa imemchoma shavuni.

Lilias alilia siku mbili. Siku ya tatu alileta sanduku la chumvi, akaliweka mezani, akatoa kitambaa. Viatu vile vilikuwa bado na nyuzi zake. Kila mwaka alivipaka mafuta ya kondoo ili visipasuke, yeye mwenyewe hajui kwa nini.

"Nilidhani nimemdanganya Mwinyi," alisema. "Kumbe nimemtunzia mali yake."

Ninian alivitazama. Vilikaa vyote viwili kwenye kiganja kimoja. Aliwaza kwamba mtu mzima alikuwa ameuzwa kwa vitu hivi, na wala havikuwa na kisigino. Akamwuliza mama yake kama Mungo siku ile alisema neno lolote alipokuwa akimpa, ama kama mama alijibu neno. Lilias akasema hapana, hakuna maneno. Mkono unatoa, mkono unafumba, watu wanaona. Ndivyo ilivyo.

"Mkono unafumba, watu wanaona," alirudia Ninian, akavitia mfukoni.

Jumamosi, siku mbili kabla ya Jumatatu yenyewe, jiwe lililokuwa kwenye kibofu cha Mwinyi likageuka likaziba njia. Alipiga kelele hata mbwa wa Kirkfarlan wakamjibu. Matabibu wawili wa wigi waliitwa, wakanusa chupa ya mkojo, mmoja kwa Kilatini mwingine kwa Kigiriki, wakakubaliana kwamba wao ni watu wa elimu na hawashiki kisu. Wakataja jina la aliyeweza kukishika. Mungo ndiye aliyetumwa, na njia nzima alikalia upande mmoja kwenye kiti cha gari.

"Mpasuaji," alisema mlangoni, kofia mkononi. "Bwana Mkubwa anakufa."

"Mnamtaka nani, nyapara? Mpasuaji hapa hayupo. Hakimu kasema kuna mchimba makaa."

"Usinichezee, Ninian. Nimekuja na gari."

"Mchimba makaa hapandi gari."

Mungo akabaki akizungusha kofia. Kusema kweli Ninian alikuwa ameshavaa koti, na sanduku la visu lilikuwa karibu na mlango tangu kelele za kwanza. Hakuwahi kumwacha mtu akipiga kelele hivyo, hata Mfaransa wa meli ya adui. Lakini hakupanda gari. Alitembea maili tatu kwa miguu, na Mungo nyuma yake kwenye gari tupu, akimsihi aongeze mwendo, watu wakitoka milangoni kutazama.

Jumbani walikuwa wamemlaza Mwinyi juu ya meza ya kulia chakula, kwenye mwanga wa madirisha makubwa, nusu chupa ya wiski tumboni. Wachimba makaa wanne walisimama kumshika, maana watumishi wa ndani walikuwa wamezirai. Mchungaji Gilfillan alikuwapo na Biblia yake, matabibu wawili kando ya moto, na Mungo mlangoni. Ninian akavua koti, akakunja mikono ya shati, akamfunga Mwinyi kila kiganja na kifundo cha mguu wake, magoti juu, kama kuku wa sikukuu. Mahali penyewe pa kukata sitapataja. Nina wajukuu.

"Nipe kitu cha kushika," alisema Mwinyi. "Kitu chochote, mtu wewe. Siwezi bila kushika kitu."

Waliokuwapo wanasema Ninian aliweka kisu chini kwanza. Kisha akatia mkono mfukoni.

"Fungua kiganja, bwana. Shika hiki. Usikiachie mpaka nikuambie."

Mwinyi akashika. Akakaza vidole mpaka vikawa vyeupe. Ninian akamgeukia mchungaji.

"Umeona, baba mchungaji? Kapokea kwa mkono wake."

"Nimeona," alisema Mchungaji Gilfillan, ambaye bado hakujua alichokiona.

Kisha kisu kikapita. Mmoja wa matabibu alikuwa ametoa saa yake ahesabu, na kabla hajaifungua kifuniko jiwe lilikuwa mezani, kubwa kama yai la bata. Baadaye mpishi alilitupa bandani, na kuku mmoja akalilalia wiki tatu, na alipolitoka alionekana kama mtu aliyekosewa heshima. Mwinyi alifungwa vitambaa, akanyweshwa maji. Alikuwa hai. Alilia kidogo, na Ninian akamfuta machozi kwa kona ya shuka, kama anavyomfuta yeyote.

Jioni Mwinyi alipata sauti yake, na pamoja na sauti akapata tabia yake. Akaagiza Mungo amletee mpasuaji gini kumi za dhahabu. Ninian akaiweka mikono nyuma ya mgongo.

"Kwa nini hupokei?" aliuliza Mwinyi.

"Najua vitu vya nyumba hii vinavyoshika. Tazama ulichopokea wewe."

Mwinyi akatazama kiganja chake. Alikuwa bado amevishika, viatu viwili vya mtoto, ngozi imechorwa na kucha zake. Akavitazama muda mrefu. Kisha akamtazama Mungo, na Mungo akatazama dari.

"Ni vya ubatizo," alisema Ninian. "Vya shimo lako. Mkono umetoa, mkono umefumba, na watu wanane wameona, mmoja wao mtumishi wa Mungu. Kuanzia leo wewe ni mtu wangu, bwana Oliphant. Jumatatu nitakuja kukuchukua. Sina shimo, lakini nina nguruwe wanaohitaji kusafishiwa."

"Huu ni upuuzi. Nilikuwa nimelewa wiski, nimefungwa kama mbuzi. Sikujua ninachoshika."

"Mimi nilikuwa na siku nane," alisema Ninian.

Mmoja wa wale wachimba makaa wanne, mzee mwenye mapafu mabovu, alianza kukohoa, na kikohozi kile kilikuwa na kitu kingine ndani yake, na mara wote wanne walikuwa wakikohoa.

Kufikia Jumapili habari ilikuwa imefika mahali ambapo hata barua haifiki. Wanawake wa matenga waliitungia wimbo wa kupandia ngazi. Na Jumatatu, alfajiri, Ninian alikuja kweli kwenye mdomo wa shimo, kama hakimu alivyoamuru. Hakuleta sururu. Alileta tenga. Akaliweka chini mbele ya Mungo, akasema ni la mtu wake, kama ameshaweza kusimama. Mungo alifungua kitabu, akafika kwenye jina, akasoma, "Ninian Naysmith."

"Yupo," alisema Ninian. "Na Archibald Oliphant?"

"Hayupo," walijibu watu, mia mbili kwa pamoja, wanawake kwa wanaume, kwa ile sauti ya kuitikia ya kila Mwaka Mpya.

Mungo alifunga kitabu. Alisema hajisikii vizuri, mahali pale pale. Ninian akamshauri afike zahanati.

Mwinyi alikuwa na silaha zote: hakimu, kola ya chuma, askari wa mfalme akiwataka. Angeweza kumburuta Ninian shimoni siku ile ile. Lakini ilimbidi kwanza asimame mbele ya hakimu, na mchungaji aapishwe aseme alichokiona, na hakimu aamue kwa sauti kwamba kiatu kinamshika mtoto wa siku nane asiyejua kitu ila hakimshiki bwana wa miaka hamsini na sita. Na nje wimbo unaimbwa. Mwinyi aliweza kustahimili kisu. Kuchekwa hakuweza.

Akaandika barua ya kumwachia huru Ninian. Akampa Mungo aipeleke. Ninian hakufungua mlango. Kupitia tundu la ufunguo aliuliza kama jina la Bethia limo. Halikuwamo. Mungo akarudi. Ya pili ilikuwa na Bethia, haikuwa na mtoto. Mungo akarudi tena, na wakati huu alisimama njia nzima kwenye gari. Ya tatu ilikuwa na Ninian, Bethia, Jonet mchanga na Lilias, lakini Ninian akasema mtu wake aje mwenyewe, yeye haongei na matarishi, na aje na viatu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wiki ya kwanza ya Desemba Mwinyi Oliphant alishuka garini Kirkfarlan akitembelea fimbo mbili, miguu mbali mbali. Mtaa wote ulikuwa na shughuli ya kufagia vizingiti. Ninian alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Umepona vizuri," alisema. "Kidonda kimekauka?"

"Kimekauka. Chukua." Mwinyi alimnyoshea viatu, na barua imekunjwa ndani ya kimoja.

"Weka dirishani."

"Ni barua ya uhuru wako, mpumbavu wewe."

"Ndiyo maana."

"Dirisha liko wapi?"

"Nyuma. Pita hapo kwenye upupu. Nguruwe hana neno."

Walimsikia akipita. Walimsikia kwenye upupu hasa. Kisha kimya, kisha gari likaondoka.

Watu wengine wa Carnshiel walibaki kwenye kitabu cha Mwinyi miaka mingi bado, hiyo siwadanganyi. Lakini tangu mwaka ule hapakuwa na mama wa shimo aliyefika mlangoni mwa kanisa na mikono nje ya shali, hata Julai, jasho likimtoka, na Mungo Tulloch alizeeka akiwa na kabati zima la viatu vidogo vya ngozi. Ninian alipasua watu Kirkfarlan miaka thelathini na moja mingine, na hakupokea kitu mkononi mwa mtu hata siku ya harusi yake. Pete ya bibi harusi ilibidi iwekwe kwanza juu ya Biblia.

Siku ile ya Desemba, lakini, aliyetoka nyuma kwenda dirishani alikuwa Lilias. Barua alimwachia Ninian, maana hakujua kusoma. Viatu alivichukua, akavipangusa kwa aproni, akaketi, akamvisha Jonet, kwanza kushoto kisha kulia. Vilimtosha.

Bethia alishtuka, akauliza, mama, ina maana gani kumvisha hivyo.

"Hivi hakunipa mtu," alisema Lilias, akifunga nyuzi. "Nimeviokota dirishani."